Fundi wa Baridi Aliyekataa

Kila asubuhi, kabla hajabadilisha viatu, Liao Pi-hsia hutoa kijiti cha kulia chakula kwenye mfuko wa shati, huiuma ncha yake moja kwa meno ya mbele, na ncha ya pili huiegemeza kwenye bomba la heliamu linalotokeza ukutani. Kisha hufumba macho. Asiyemjua angedhani mama mtu mzima amepitiwa na usingizi akiwa wima, lakini Pi-hsia huwa anasikiliza. Sauti ya bomba hupanda kwenye kijiti, ikaingia kwenye meno, ikamjaa fuvuni: mgurumo wa pampu kubwa, mluzi mwembamba wa gesi inayopita penye kona, na chini ya vyote hivyo kitu ambacho hakina jina, anachokijua yeye tu. Akisharidhika hufumbua macho, hukifuta kijiti kwa leso, na kwenye daftari lenye jalada la bluu huandika neno moja: Sawa.

Ana miaka ishirini na sita ya kuandika Sawa. Hapa na pale yako maneno Si sawa, na siku hizo hakuna mtu aliyekula chakula cha mchana kwa wakati.

Kazi yake ni kulinda baridi. Katika ghorofa ya chini ya ardhi ya idara ya fizikia ya chuo kikuu, mjini Hsinchu, kuna jokofu refu la chuma linaloning'inia kwenye fremu ya alumini, mwili wake umezama shimoni kama ndoo ya kisimani. Tumboni mwake mna baridi ambayo hata angani kati ya nyota haipo. Ikizidi hapo kidogo tu ni sifuri ile ya mwisho, ambapo hakuna tena joto la kuondoa. Wanafunzi wakihitimu husahau nambari nyingi, lakini hawasahau kwamba jokofu lile halikuwahi kupoteza baridi kwa uzembe, na kwamba aliyelifanya hivyo hakuwa na shahada yoyote.

Pi-hsia ni mtoto wa watengenezaji wa tambi za mchele. Baba yake alikuwa na tabia ya kulala karibu na ufa wa dirisha, na kabla hakujapambazuka alishajua kwa sikio kama upepo wa siku hiyo utakausha tambi au utazivunja. Binti alirithi sikio hilo, ila tambi hakuzitaka. Akiwa na miaka kumi na sita aliingia kiwanda cha majokofu ya samaki, akajifunza kulehemu mabomba kwa madini ya fedha, akaolewa na dereva wa lori. Mume alipata mwanamke katika mji wa Tainan, akabaki huko na lori. Pi-hsia alibaki na mikono yake.

Alipokuwa na miaka thelathini na mitano, idara ya fizikia ilikuwa na jokofu jipya lililovuja. Wasomi watatu walikuwa wameutafuta uvujaji huo kwa miezi miwili. Mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani akamtaja Pi-hsia. Alikuja na begi la vifaa, akakaa chini sakafuni alasiri nzima, mwisho akaelekeza kidole kwenye kiungo kimoja na kuuliza, "Hiki nani alikikaza hivi?" Aliyekikaza alikuwa Mwalimu Kao, mkuu wa maabara mwenyewe. Mwalimu Kao alicheka mpaka akavua miwani, na wiki iliyofuata akamwajiri. Sasa Mwalimu Kao ni marehemu, maabara iko chini ya Mwalimu Yen, na Pi-hsia ana miaka sitini na mmoja. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, na husainiwa kila mwisho wa Julai.

Mambo haya yalitokea katikati ya Julai.

Mwaka huo, ndani ya jokofu mlikuwa na uzi. Aliyeutengeneza ni Kuo Wan-ning, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari, msichana mpole kiasi kwamba akitaka kupita mlangoni husubiri watu wamalize kuzungumza, hata kama wanazungumza saa nzima. Uzi wenyewe ulikuwa na urefu wa milimita tatu, na unene wake ni unywele mmoja uliogawanywa mara elfu. Umefungwa ncha mbili, umevutwa kama waya wa zeze. Wan-ning alichukua miezi kumi na minne kupata nyuzi nne zilizo nzima. Wa kwanza, wa pili na wa tatu zilikatika, zote kwa namna moja: zilipotolewa kwenye baridi kurudishwa kwenye joto.

Wa nne ulikubali. Siku walipoufikisha kwenye baridi ya mwisho na kuutikisa mara moja tu, uliendelea kutetemeka kwa zaidi ya nusu saa, peke yake, pasipo kuguswa tena. Wan-ning alikaa mbele ya skrini ameikalia mikono yake, kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Kitu kinachotetemeka kwa ustadi hivyo husikia hata mvuto mdogo ambao mizani yoyote nyingine isingeujua, na ndiyo sababu watu wa mfuko wa utafiti walikuwa njiani kuja kukiona. Zilibaki siku kumi na nne wafike.

Ndipo nundu ikaanza. Kila sekunde arobaini, kwenye mstari wa skrini uliokuwa umenyooka, kinyanyuko kidogo. Halafu kingine. Uzi ukitikiswa haukulia tena hata dakika moja kabla ya kuvurugwa.

Siku ya nne ya nundu, Mwalimu Yen aliwaita wote mbele ya jokofu.

"Tulipashe joto," alisema. "Tuanze leo, keshokutwa tufungue tukague nyaya. Tuna siku kumi, zinatosha."

Wan-ning aliinamisha kichwa. Pembeni yake Yao-ting, mwanafunzi mrefu mwenye mdomo usiopumzika, alimtazama.

"Kelele hiyo haiko ndani, Mwalimu," alisema Pi-hsia. Alikuwa amesimama nyuma yao na ndoo ya vitambaa.

"Umejuaje, Dada Liao?"

"Nimelisikiliza asubuhi. Liko vilevile lilivyokuwa mwezi uliopita."

"Umelisikiliza kwa kijiti."

"Kwa kijiti."

"Mimi hapa nina kifaa kinachopima mtetemo wa mguu wa mende," Mwalimu Yen alisema, bila ukali. "Wewe una kijiti cha kulia wali."

"Na kifaa chako kimekuambia kelele inatoka wapi?"

Yao-ting alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

"Uzi ule hauvumilii joto," Pi-hsia aliendelea. "Tatu zimekwenda hivyo hivyo, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika valvu. Huu ukikatika, huyu mtoto anaanza upya, mwaka na miezi yake."

"Hilo ni jukumu langu mimi."

"Uamuzi ni wako, Mwalimu, sijabisha. Lakini mkono wa kufungua valvu ni wangu. Mimi sifungui."

Hayo hayakuwa maneno ya hasira tu. Valvu ile nyekundu, ya kulipasha jokofu joto, haifunguliwi na mtu yeyote isipokuwa mwenye cheti cha gesi za mgandamizo, na kwenye ghorofa ile cheti kilichobandikwa ukutani kilikuwa kimoja, kikiwa na picha ya Pi-hsia wa zamani mwenye nywele nyeusi.

Mwalimu Yen alivua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeahidi jambo kwa watu wakubwa.

"Dada Liao, usinifanye nizungumzie mambo ya mkataba mbele ya watoto."

"Zungumza tu. Watoto wana masikio, na mimi ninayo."

"Basi namwita fundi Lai wa jengo la kemia. Ana cheti kama chako. Kesho saa nne asubuhi."

"Kesho saa nne," Pi-hsia alisema, akiweka ndoo chini, "ni mbali."

Mwalimu alipotoka, Yao-ting aliachia pumzi. "Mama mdogo Hsia, leo umemkalia Mwalimu kooni."

"Wewe nyamaza. Leta kiti."

"Tunafanya nini?"

"Tunazima kila kitu kinachozimika katika jengo hili, kimoja kimoja. Wan-ning anaangalia skrini. Wewe ni miguu."

"Kwa nini mimi ndiye miguu?"

"Kwa sababu goti langu limekataa ngazi tangu mwezi uliopita, na kwa sababu kichwa chako tumeshakijaribu."

Walianza na lifti. Yao-ting alisimama ghorofa ya kwanza akiwaambia watu kwamba lifti ni mgonjwa. Dakika tano. Wan-ning akatikisa kichwa: nundu ipo. Wakazima taa za ukumbi. Ipo. Wakazima pampu ya maji, wakaenda kumwomba profesa wa chumba cha jirani azime kompyuta zake kubwa, naye akakubali kwa masharti kwamba wasimguse tena mpaka mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Ipo. Wakazima friji ya soda ya wanafunzi.

"Hiyo ina chai yangu ya maziwa," alilalamika Yao-ting.

"Itakuwa bado ni chai," alisema Pi-hsia.

Nundu ipo.

Kufikia saa tisa alasiri walikuwa wamekula wakiwa wamesimama, tambi na supu ya vidonge vya nyama iliyopoa, na kwenye orodha ya Pi-hsia kila kitu kilikuwa kimekatwa kwa mstari. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalinyoosha goti. Ndani yake, mahali ambapo hakumruhusu mtu kufika, alianza kumwona fundi Lai na glavu zake za ngozi, akishuka ngazi kesho saa nne. Lai ni mtu safi. Angefungua valvu vizuri kabisa, taratibu kabisa, na uzi ungekatika vizuri kabisa.

"Tumebakiza nini?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Yao-ting. "Labda AC. Lakini AC ina miaka kumi na moja humu, haijawahi kumsumbua mtu."

"Izime."

Chumba kikanyamaza. Baada ya dakika mbili joto la Julai lilianza kushuka kutoka ngazini kama mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake. Wan-ning alikuwa ameikaribia skrini mno hata pumzi yake ikaacha ukungu. Sekunde arobaini. Themanini. Dakika mbili. Akainua mkono mmoja, taratibu, vidole vikiwa vimekunjuka.

"Haipo?" aliuliza Pi-hsia.

Wan-ning akakubali kwa kichwa: haipo.

"Washa."

Ikawashwa. Kabla dakika haijaisha, nundu ilirudi.

"Basi tumepata," alisema Yao-ting. "Tuizime mpaka wageni waondoke."

"Julai? Kesho asubuhi vifaa vyote humu vitakuwa vinatoka jasho kama wewe. Halafu fikiri kidogo. AC ni ileile ya miaka yote. Kuna kitu kingine kimebadilika, nacho AC inakichokoza."

Alirarua ukanda wa karatasi laini, akaushika kwa ncha za vidole, akapanda kwenye kigoda na goti lake bovu bila kumngoja mtu amzuie. Akauachia upepo uushike ule ukanda. Mapezi ya AC yalikuwa yakigeuka polepole kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, na ule ukanda ukafuata: ukuta, kabati, mabomba, halafu juu ya fremu ya jokofu. Pi-hsia akatazama pale ukanda ulipoelekea.

Juu ya bamba la fremu, palepale penye kichwa cha jokofu, ilikuwa imelala pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi vyenye ladha ya nazi.

Hakuna mashine katika ghorofa ile isiyo na pakiti kama hiyo. Hakuna mashine ya maana katika mji mzima wa Hsinchu isiyo nayo. Huwekwa ili mashine itulie, ifanye kazi yake kwa adabu. Lazima iwe ya kijani, maana ya njano au nyekundu huleta balaa, na lazima isipitwe na tarehe. Ni Pi-hsia aliyewafundisha wanafunzi wote hayo, na ni yeye aliyekuwa akizibadilisha kila miezi sita. Ya jokofu siku zote aliiweka kwenye kabati la pampu, mbali. Safari hii, kabla jokofu halijaanza kushushwa baridi, goti lilimuuma, akamtuma Yao-ting.

Upepo ulipofika pale, kona ya pakiti, ambayo utepe wake wa gundi ulikuwa umeachia, ilinyanyuka, ikatetema kidogo, ikaanguka juu ya bamba. Tap. Sikio lisingeisikia. Uzi uliisikia.

"Uliiweka huku wewe?" aliuliza Pi-hsia akiwa juu ya kigoda.

"Nilidhani karibu zaidi ni vizuri zaidi," alisema Yao-ting. Kisha akamwona ananyoosha mkono, uso ukambadilika. "Mama mdogo, usiitoe. Jokofu liko kwenye baridi."

"Naona."

"Mwenyewe ulisema mashine ikiwa kazini pakiti haiguswi. Yule kaka aliyetutangulia hapa, aliyekula pakiti ya pampu ya tatu, jioni ileile pampu ikafa. Ulituonyesha mpaka pampu yenyewe."

Mkono wa Pi-hsia ulisimama hewani. Ilikuwa kweli, aliwaonyesha. Na si kwamba aliwatania. Tarehe mosi na kumi na tano za mwezi alimchomea udi mungu wa ardhi wa mtaa wake, na hakuwahi kupita mbele yake bila kuinama. Aliiamini pakiti kama anavyoamini kiungo alichokilehemu mwenyewe. Sasa aliifikiria baridi iliyokuwa chini ya mkono wake, siku nne za kuishusha, na akafikiri: nikiitoa, likachukia, uzi utakatika kwa mkono wangu, hata Lai hajafika. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa.

Halafu ikamjia hasira, na haikuwa ya Mwalimu Yen wala ya Yao-ting. Ilikuwa hasira kwamba hofu yake mwenyewe ilikuwa imesimama upande wa wanaotaka kulifungua jokofu.

"Samahani," aliliambia jokofu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwomba mwenziwe asogee kwenye benchi. "Huyu mgeni wako anapiga kelele. Namtoa." Akaichukua pakiti kwa vidole viwili, akashuka, akamkabidhi Yao-ting, ambaye aliishika kama yai la nyoka.

Wakangoja. Arobaini. Themanini. AC ikipuliza, mapezi yakigeuka. Mstari ulibaki umenyooka. Wan-ning aliutikisa uzi mara moja, nao ukalia kwa nusu saa na ushee.

Kesho yake saa nne kasoro dakika tano fundi Lai alishuka na glavu zake, Mwalimu Yen nyuma yake. Pi-hsia aliwaonyesha skrini, akawaeleza kwa sentensi nne. Lai alitazama pakiti iliyokuwa sasa juu ya kabati la pampu, akaiinamia kidogo, akasema, "Basi mimi narudi kwenye chai yangu," akaondoka.

Mwalimu Yen aliusogelea mstari ule kwenye skrini.

"Pakiti ya vitafunwa," alisema. "Kwenye ripoti tutaandika mtiririko wa hewa."

"Ripoti ni yako. Kwenye daftari langu nimeshaandika pakiti."

"Dada Liao, nashukuru. Kweli nashukuru. Lakini ulinikatalia mbele ya wanafunzi."

"Niliamriwa mbele ya wanafunzi. Ningekatalia wapi?"

Alasiri barua ilimfikia, imepigwa mhuri. Ilisema kwamba tarehe fulani fundi Liao Pi-hsia, kwa kosa lake, alikaidi agizo la mkuu wa maabara, na kwamba anatakiwa kusaini kuonyesha amekubali. Pi-hsia aliisoma mara mbili. Akachukua kalamu, akakata maneno "kwa kosa lake" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaliacha neno "alikaidi", akasaini chini yake kwa herufi kubwa, na akampelekea Mwalimu Yen mwenyewe ofisini. Mwalimu aliitazama, akamtazama yeye, akaiweka kwenye droo. Mkataba ulikuwa palepale mezani, bila saini, na hakuna aliyeutaja.

Wageni walikuja, wakauona uzi, wakauliza maswali mengi. Walimuuliza Mwalimu Yen, wakamuuliza Yao-ting, na Wan-ning walimuuliza mpaka masikio yake yakawa mekundu. Pi-hsia hakuulizwa. Alikuwa nyuma ya mlango akiangalia kipimo cha shinikizo.

Siku iliyofuata, yeye na Wan-ning walikaa kwenye ngazi za nyuma, ambapo huwa wanakula, kila mmoja na boksi lake mapajani. Upepo ulikuwa mkali, wakageukia ukutani. Wan-ning alikula nusu ya wali, akaacha. Katika miaka mitatu alikuwa amemsalimu Pi-hsia, amemshukuru, amemwomba radhi kwa mambo ambayo hayakuwa makosa yake. Kumuuliza kitu, hajawahi.

"Mama mdogo," alisema akitazama boksi, "kama kelele ingekuwa ndani kweli?"

Pi-hsia alitafuna kwanza, akameza.

"Ningemwomba Mwalimu radhi mbele ya watu walewale," alisema, "halafu ningefungua. Lakini kwanza ningekataa."